Mmea mmoja, ukurasa mmoja: jinsi ya kuandaa kikao cha umma katika maktaba ya mimea

Maktaba ya mimea ina vitu vitatu ambavyo ni nadra kukutana chini ya paa moja: vitabu vya zamani vyenye picha za mimea, karatasi za hebariamu zenye mimea iliyokaushwa na kubandikwa, na mara nyingi bustani hai hatua chache kutoka mlangoni. Kosa linaloharibu vikao vingi vya umma ni kutaka kuvionyesha vyote kwa mpigo. Vitabu 30 mezani, mhadhara wa saa nzima, kisha mzunguko wa bustani, na watu wanaondoka wakikumbuka tu kwamba waliona vitabu vikuukuu. Chagua mmea mmoja na ukurasa mmoja, halafu hakikisha kila kingine utakachokifanya kinawarudisha watu kwenye ukurasa huo.

Mfano tutakaoutumia hapa ni wa kikao cha saa mbili, watu 15, wahudumu wawili, na mmea ni mahindi.

Kwa nini mahindi? Mmea mzuri kwa kazi hii una mambo matatu: una picha ya zamani unayoweza kuionyesha, unapatikana ukiwa hai siku ya kikao, na historia yake ina fundo la kufunguliwa. Mahindi yana yote. Mwaka 1542 Leonhart Fuchs, daktari Mjerumani, alichapisha kitabu chake kikubwa cha mimea, na ndani yake mna picha ya mhindi, yaani mmea wa mahindi, chini ya jina lenye maana ya nafaka ya Kituruki. Mmea huo haukutoka Uturuki. Wakulima wa kusini mwa Meksiko waliuzalisha kutokana na nyasi mwitu iitwayo teosinte yapata miaka 9,000 iliyopita, na ulifika Ulaya baada ya safari za Columbus. Waitaliano mpaka leo wanauita granoturco, na sisi tunaouita mahindi tumeupa jina la India. Ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, aliyeuandika Zea mays, na hilo neno mays linatokana na lugha ya Wataino wa visiwa vya Karibi. Jina moja tu, na tayari una mazungumzo ya nusu saa.

Usijali kama huna toleo la 1542. Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni, inatoa bure picha za kurasa za maelfu ya vitabu vya aina hii. Chapisha ukurasa kwa ukubwa wa A3 kwenye karatasi isiyong'aa, kisha uweke karibu yake kitabu halisi cha zamani ulichonacho, hata kama ni cha karne ya 19 na ni cha mmea wa jamii hiyohiyo ya nyasi. Watu wanahitaji kuona karatasi ya kweli angalau mara moja.

Wiki tatu kabla, kitoe kitabu na ukikague ukiwa na mhifadhi au mtu mwenye uzoefu. Tazama kama mgongo unafunguka bila kulalamika. Vitabu vingi vya kale visifunguliwe zaidi ya nyuzi 90 hadi 120. Viwekee mito ya sponji pande zote mbili na ushikilie kurasa kwa kamba nzito iliyofunikwa kitambaa, usizishike kwa vidole kila dakika. Taa ya mezani isizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) pale ukurasa ulipo, kwa sababu rangi za maji hupauka na hazirudi tena. Mwanga wa jua wa moja kwa moja usifike kabisa.

Swali la glavu huulizwa kila mara. Kwa vitabu vya karatasi, mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri ni bora kuliko glavu za pamba, kwa kuwa pamba huondoa hisia za vidole na huchana kingo za kurasa. Ila kuna mambo mawili ya hatari. Karatasi za hebariamu za zamani mara nyingi zilitiwa kloridi ya zebaki au aseniki ili wadudu wasizile, na majalada ya kitambaa cha kijani chenye kung'aa ya katikati ya karne ya 19 yanaweza kuwa na rangi ya aseniki. Hivyo vishikwe na mhudumu tu, akiwa na glavu za nitraili, na wageni watazame bila kugusa. Kwa hebariamu, plastiki ngumu angavu juu ya karatasi inatosha. Usiache jambo hili kwa matumaini, hasa kama watoto watakuwepo.

Mimea hai haiingii chumba cha vitabu. Mbelewele, yaani ua dume lililo juu ya bua, humwaga chavua nyingi ukiligusa, na majani hubeba wadudu. Andaa chumba cha pili, au meza chini ya mti, na uweke huko bua zima lenye mizizi iliyooshwa, mahindi mawili mabichi yenye ndevu, na gunzi moja kavu. Kama lazima kitu kilichokaushwa kiingie ndani, kifungie kwenye mfuko wa plastiki na ukigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko saa 24 kabla ya kufungua, ili unyevu utande nje ya mfuko na si juu ya mmea.

Siku yenyewe, anza kwa ukimya. Sema sentensi tatu za kuwakaribisha watu, wape penseli (kalamu za wino zibaki mlangoni), kisha waache dakika 10 watazame ukurasa bila maelezo yoyote. Wahudumu wengi huogopa ukimya huu na kuanza kuhadithia historia ya maktaba. Vumilia. Dakika ya nne au ya tano ndipo macho huanza kuona mistari badala ya kuona "picha".

Sasa washa taa ndogo ya mkono na uilaze upande, mwanga upite juu ya karatasi kwa pembe ya chini sana. Hapa ndipo kitabu halisi kinapolipa. Kama picha ilichapwa kwa bamba la shaba, utaona fremu iliyobonyea kuzunguka picha yote, mahali kingo za bamba zilipokandamiza karatasi, na mistari ya wino imeinuka kidogo. Kama ilichapwa kwa ubao wa kuchongwa, hakuna fremu, na mistari ndiyo iliyobonyea. Litografia, mbinu aliyoivumbua Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, haina mbonyeo wowote na mistari yake ina chembechembe kama ya chaki. Mpe kila mtu lenzi ya kukuza mara 10 na umwombe atafute mahali rangi ilipovuka mstari. Rangi hizo zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, ndiyo maana nakala mbili za kitabu kilekile huwa hazifanani.

Mwisho wa kitabu cha Fuchs kuna jambo la nadra kwa wakati ule: picha za mafundi wenyewe wakiwa kazini. Albrecht Meyer alichora mmea, Heinrich Füllmaurer akauhamishia kwenye ubao, na Veit Rudolf Speckle akauchonga. Onyesha ukurasa huo baada ya watu kutazama mistari kwa lenzi, si kabla. Wakishajua ugumu wa kazi, nyuso hizo huwa na maana.

Hatua ya tatu ni kutoka nje kwenye bua hai. Kazi ni moja: tafuta kitu ambacho picha inacho na mmea huu hauna, na kinyume chake. Mchoraji wa mimea mara nyingi huweka ua changa, tunda lililoiva na mbegu kwenye tawi moja, jambo ambalo mmea wenyewe unaweza usilifanye siku moja. Anachora mwaka mzima wa mmea. Kisha menya hindi bichi polepole, na ufuate unywele mmoja wa ndevu kutoka nje hadi ndani: unaishia kwenye punje moja. Kila unywele una punje yake, na unywele usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Tafuta hindi lenye mapengo makusudi. Ukishalionyesha, rudi kwenye picha na uulize kama mchoraji aliliona hilo.

Kama umechagua mmea unaojizungusha kwenye mti, kuna kipimo kizuri zaidi. Maharage ya kutambaa huzunguka kinyume cha mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu. Chapa hugeuza picha kama kioo, hivyo mchongaji asiyekumbuka kugeuza mchoro wake aliuacha mmea ukizunguka upande usio wake. Watoto hupenda sana kukamata kosa la aina hii.

Dakika 40 za mwisho ziwe za mikono. Kuchora kwa penseli kunatosha, lakini kama una jua, fanya picha za buluu za sayanotaipu. Mbinu hiyo ilivumbuliwa na John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani, kila picha ikiwa kivuli cha mmea wenyewe juu ya karatasi. Kwa hiyo wageni watakuwa wanafanya kazi yenye ukoo na rafu zenu.

Kwa karatasi 30 za A5, yeyusha gramu 10 za feriki amonia sitreti ya kijani katika mililita 40 za maji, na kando gramu 4 za potasiamu ferisianidi katika mililita 40. Vaa glavu, changanya kiasi sawa cha vyote viwili jioni ya kabla, paka kwa brashi isiyo na chuma katika chumba chenye mwanga hafifu wa taa ya njano, na uache vikauke gizani. Ferisianidi isikutane kamwe na asidi kali. Tumia karatasi ya rangi za maji isiyotiwa chokaa, kwani chokaa huila buluu.

Laza mbelewele na ndevu juu ya karatasi, weka kioo, toa juani dakika 5 hadi 10 mchana mkali, au 20 na zaidi kukiwa na mawingu. Karatasi ikishageuka kuwa ya kijivu chenye wekundu kama shaba, ioshe kwa maji dakika 5 mpaka unjano uishe. Hindi zima halifai. Ni nene, kivuli chake hutoka na ukungu. Picha ikiyeyuka yote kwenye maji, haikukaa juani vya kutosha. Na usichukue kioo kutoka kwenye fremu za maonyesho za maktaba: vingi vimetengenezwa kuzuia miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo hasa mnayoihitaji, na mtasubiri saa nzima bila kupata picha.

Wakati picha zinakauka, soma kwa sauti lebo ya karatasi moja ya hebariamu: jina la mmea, mahali, tarehe, mkusanyaji. Kisha uliza nani hakuandikwa. Aliyeonyesha njia, aliyebeba mzigo, aliyejua jina la mmea kabla ya mgeni kufika, kwa kawaida hayupo. Kwa mahindi swali linakuwa zito zaidi, maana vizazi vya wakulima waliogeuza nyasi kuwa nafaka hawana lebo popote. Waachie watu nafasi ya kujibu, usikimbilie kufunga mjadala.

Kuhusu usajili: kikao kikiwa cha bure, baadhi ya waliojiandikisha hawatafika. Andikisha 20 kwa viti 15, na uwatumie ujumbe siku mbili kabla.

Watu wakishaondoka, kagua kitabu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kukirudisha, kwani vumbi la penseli hujificha kwenye mshono na huondolewa kwa brashi laini tu. Kirudishe rafuni siku hiyohiyo. Atakayekuja kesho kuulizia picha ya mhindi, mwonyeshe ile nakala ya A3.