Unahubiri kila Jumapili, nani anakusahihisha?

Wewe unayetumika kanisani hapa Bukavu, uwe Kadutu au Bagira: tafuta mtu wa kukusahihisha huku ukiendelea na huduma. Usingoje semina. Apolo alikuwa tayari anafundisha Efeso kwa ufasaha, ila alijua ubatizo wa Yohana tu; Prisila na Akila wakamchukua kwao, wakamweleza zaidi (Matendo 18). Hawakumsimamisha kazi, wala hawakumkosoa mbele ya watu. Nao walikuwa washona mahema, si maaskofu!

Chagua mama wa maombi, au papa anayeijua Biblia na asiyekuogopa. Asiwe chini yako. Mwanakorali unayempangia zamu atakusifu tu. Kabla ya ibada mwombe asikilizie jambo moja: je, andiko nimelieleza au nimelirukia? Jumatatu mtembelee, umsikilize bila kujitetea. Hapo ndipo pagumu, hasa ukishazoea kuitwa mtumishi wa Mungu. Andika jambo moja la kurekebisha, ulifanyie kazi hadi Jumapili inayofuata, mengine yatasubiri. Na usiende kwake mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha.