Umeitwa kortini kwa deni la kadi ya benki? Jibu kabla siku 15 hazijaisha

Ukinyamaza, benki hupewa hukumu bila wewe kusikizwa, hata kama hesabu yao ina kasoro. Nawasihi msikubali hilo. Hapa nazungumzia Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000.

Hatua ya 1. Andika tarehe uliyopokea hati, maana siku 15 za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo. Hati huweza kuja kwa WhatsApp au barua pepe, kwa hiyo usiitupe ukidhani ni ya matapeli. Thibitisha namba ya kesi kwenye masijala ya korti. Kama kesi iko kwa hakimu wa kawaida, fuata siku zilizoandikwa kwenye hati yenyewe.

Hatua ya 2. Idai benki taarifa kamili ya akaunti, kisha kaa chini na kalamu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema deni likishakuwa sugu, yaani halilipwi tena, riba haiwezi kuzidi deni la msingi ulilokuwa unadaiwa siku hiyo. Tuseme deni la msingi lilikuwa Sh80,000 lilipogeuka sugu, na leo wanadai Sh210,000. Riba yao inakomea Sh80,000 nyingine. Jumla ni Sh160,000, pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Watu wengi hawajui haki hii, na inauma kuona mtu akiuza shamba kulipa riba isiyodaiwa kisheria.

Hatua ya 3. Jaza jibu la madai. "Nakataa yote" haitoshi. Taja unachokubali, unachopinga na sababu yake, ambatisha risiti na ujumbe wa M-Pesa, uwasilishe kwa mfumo wa mtandaoni wa mahakama au upate msaada masijala. Mpe mdai nakala.

Hatua ya 4. Fika siku ya kesi. Wakili si lazima. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, kwa hiyo usitegemee kuahirishiwa. Mkikubaliana ulipe kidogo kidogo, mapatano yaandikwe na kuwasilishwa kortini.

MASWALI YA WANACHAMA

Je, polisi watanikamata?
La, hii ni kesi ya madai. Kifungo cha madai kipo, lakini huja baada ya hukumu, na korti lazima kwanza ikuite ujieleze. Anayeweza kulipa na akakataa ndiye aliye hatarini. Kama huna uwezo, peleka ushahidi wa kipato chako.

Siku 15 zimepita na hukumu imetoka. Nimekwisha?
Bado. Omba hukumu itenguliwe, ueleze kwa nini ulichelewa na uonyeshe utetezi wa maana. Fanya hivyo wiki hii, kabla dalali hajafika kuorodhesha mali yako ili aiuze.

Wakala wa madeni anataka nitume Sh2,000 tu "kuonyesha nia njema". Nitume?
Subiri, dada. Kwanza tazama ulilipa mara ya mwisho lini. Deni la mkataba hudaiwa kortini ndani ya miaka 6, na malipo yoyote, hata madogo, huanzisha hesabu hiyo upya. Kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako nako ni hivyo hivyo. Mwambie akutumie taarifa ya akaunti kwanza.