SOMO: Kumtambua kipepeo Nairobi bila kumshika

Kila Januari jua likianza kuwaka napokea picha zilezile na swali lilelile: "Huyu ni yupi?" Nyingi ni za vipepeo wawili tu, tena zimepigwa upande usiosaidia. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hatua ya 1. Toka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua. Kipepeo huota jua kwanza ndipo aruke. Asubuhi za ukungu za Julai utatembea bure.

Hatua ya 2. Karura, Arboretum, msitu wa Ngong Road, Oloolua kule Karen: kote wapo. Usikimbilie katikati ya msitu penye kiza. Simama pale miti inapokutana na uwazi, penye maua. Lantana ni mmea vamizi, lakini ukiukuta umechanua kaa hapo robo saa. Angalia pia tope bichi kando ya mto, maana madume hukusanyika kunyonya chumvi.

Hatua ya 3. Hakikisha si nondo. Vipapasio vya kipepeo vina kirungu kidogo nchani; vya nondo kwa kawaida ni kama uzi au unyoya.

Hatua ya 4. Sogea polepole, na kivuli chako kisimwangukie.

Hatua ya 5. Piga picha ya mabawa yakiwa wazi, kisha ya mabawa yakiwa yamefungwa, na bawa la nyuma lionekane lote.

Hapa ndipo mimi nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza kila kipepeo wa rangi ya chungwa niliyemwona Karura nilimwandika *Danaus chrysippus*. Daftari lilijaa. Siku moja mzee mmoja niliyekutana naye njiani alizitazama picha zangu, akaniuliza, "Mbona huyu ana doa moja?" Sikuwa na jibu. Kumbe wengi walikuwa majike ya *Hypolimnas misippus*, kipepeo mwingine anayemwiga. Kiwavi wa *Danaus* hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini hadi anapokuwa kipepeo, kwa hiyo ndege aliyemwonja hamrudii. *Hypolimnas* hana sumu hiyo, ila jike lake limevaa sare ileile na ndege humwacha. Ndege wanadanganyika, nami nilidanganyika miezi minane.

Basi hesabu madoa meusi ya bawa la nyuma. *Danaus* ana matatu au manne karibu na katikati. *Hypolimnas* ana moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Dume la *Hypolimnas* halitakusumbua: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayong'aa.

ONYO: Usiamue kwa ncha ya bawa la mbele. Picha nyingi za mtandaoni huonyesha *Danaus* mwenye ncha nyeusi yenye alama nyeupe, lakini huku kwetu wapo wengi wasio na weusi huo, na *Hypolimnas* wameiga hata aina hiyo. Ncha ya bawa haithibitishi kitu.

ONYO la pili: Usimshike mabawa upate kuhesabu. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yake, na hayaoti tena.

Hatua ya 6. Andika mahali, tarehe, saa, na mmea aliotua.

MASWALI

Mkazi wa Rongai: Huyu ni gani? (picha)

Jibu: Hatua ya 5 na ya 6. Naona kidole chako na kitu cha chungwa.

Mkazi wa Rongai: Si ungesema tu jina, mkuu?

Jibu: Ningesema kama bawa la nyuma lingeonekana. Nikibahatisha utaandika kosa langu kwenye daftari lako.

Kijana wa Simu: Kwa nini tujisumbue na madoa? Kuna programu unapiga picha inakupa jina.

Jibu: Naitumia iNaturalist kila wiki na sijakataza mtu. Lakini ukiipa picha ya upande mmoja, nayo inabahatisha kama wewe. Ipe picha mbili, kisha hesabu madoa mwenyewe.

Mtembezi wa Jumapili: Mwalimu, Agosti niliona kipepeo wa buluu iliyokoza, ana mstari wa madoa mekundu. Aprili, njia ileile, nikaona mwenye umbo hilohilo lakini mwekundu kabisa. Ni ndugu?

Jibu: Asante sana kwa kuandika miezi, maana ndiyo inayojibu. Kwa maelezo hayo namwona *Precis octavia*, na wote wawili ni aina moja. Ana vazi la buluu na vazi jekundu kulingana na majira. Hali ya hewa aliyokulia akiwa kiwavi na pupa (hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo) ina nguvu kubwa: ubaridi huelekea kuleta buluu, joto huleta wekundu. Ukiweza, pita njia hiyo kila mwezi, hasa Mei na Juni. Huenda ukakutana na wa katikati, mwenye rangi zote mbili. Nitumie picha, tafadhali.

Mama wa Kinoo: Samahani natoka nje ya somo. Mlimau wangu wa kwenye ndoo una viwavi kama kinyesi cha ndege. Ninyunyize dawa gani?

Jibu: Usinyunyize, mama. Huyo ni *Papilio demodocus*, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akikua atageuka kijani, na ukimgusa atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Haumi. Mlimau wa ndoo hauwezi kulisha wengi, kwa hiyo acha wawili na uwahamishie wengine kwenye mchungwa au mlimau mkubwa wa jirani.

Mama wa Kinoo: Nimeacha watatu. Mtoto amekataa tuhamishe wa tatu.

Jibu: Sawa. Akianza kujifunga kwa uzi kwenye kijiti, msiusogeze mti tena.