Nyanya za Chupa: Maji ya Huku Yanachemka Mapema, Ongezeni Dakika

Mwaka jana kikundi kimoja ninachokihudumia huku nyanda za juu kilifukia chupa 36 za nyanya shimoni. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na karatasi ya mafunzo niliyoyapata pwani, imeandikwa chupa zichemshwe majini dakika 35. Nikaisoma kama ilivyo mbele ya akina mama, nao wakaifuata kwa utiifu. Wiki ya tatu vifuniko vikaanza kuvimba. Sasa msimu wa kuhifadhi kabla ya baridi ya Juni umefika, na kila nyumba ninayopita nakuta dakika ni zile zile 35. Wengine wanatoa chupa baada ya 20 kwa sababu kuni zimekwisha.

Kuosha, kumenya na kuponda nyanya mnajua kunizidi, siyagusi. Leo ni dakika tu.

Mtu aliyewahi kupika maharage Dar es Salaam akaja kuyapika Mbeya anajua kwamba ya huku yanachelewa kuiva. Sababu ni mwinuko. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi 1. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu 94, na vijiji vya Makete vilivyopita mita 2,000 ni 93 kushuka chini. Mapovu ni yale yale, joto silo. Wala usiniambie utaongeza kuni: maji yakishachemka, kuni zaidi zinaongeza mvuke, haziongezi joto. Kinachofidia ni muda.

Kwa nyanya zilizopondwa, zikachemshwa na kutiwa kwenye chupa za kioo zikiwa za moto, shikeni hivi. Kama mko kati ya mita 915 na 1,830, yaani Ilula, Iringa mjini, Tukuyu na Mbeya mjini, chupa isiyofika nusu lita ikae kwenye maji yanayochemka dakika 45. Ya nusu lita hadi lita moja, dakika 55. Juu ya mita 1,830, kama Njombe na sehemu kubwa ya Makete, ni dakika 50 kwa chupa ndogo na 60 kwa kubwa. Uyole mko karibu sana na mpaka huo, chukueni dakika za juu, hamtapoteza kitu. Chupa inayozidi lita moja iacheni iwekwe asali.

Na dakika zinahesabiwa lini? Hapa ndipo mnaponichosha. Chupa zikiingia sufuriani maji yanapoa, mapovu yanakata. Saa ya simu iwashwe pale maji yanaporudi kuchemka kwa nguvu, tena yawe yamepita juu ya vifuniko kwa sentimita 2.5. Mapovu yakikata katikati kwa sababu mtu kaenda kuchukua kuni, chochea hadi maji yachemke tena kisha anza kuhesabu kutoka sifuri. Ndiyo, sifuri, hata kama zilibaki dakika 3. Maji yakipungua, ongezeni yaliyochemka kwenye sufuria ya pembeni. Kuni za saa nzima zipangwe jikoni kabla nyanya ya kwanza haijamenywa.

Dakika hizo zinafaa kama nyanya ina uchachu wa kutosha, na nyanya peke yake haiaminiki. Kwenye chupa isiyofika nusu lita tia robo kijiko cha chai cha unga mchachu wa asidi ya sitriki. Ya nusu lita hadi lita moja, nusu kijiko. Ndimu ya kukamua nyumbani msiitegemee, ukali wake hutofautiana tunda kwa tunda. Bila uchachu, bakteria wa botulinamu anaweza kustahimili kuchemshwa na kutengeneza sumu ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, sumu isiyo na harufu wala ladha, na inaua. Kwa sababu hiyo kitunguu, karoti, hoho na mafuta visubiri siku ya kupika mboga. Mama mmoja alinijibu kwamba bila kitunguu haina utamu. Utamu utaukuta kwenye kikaango.

Mmea uliouawa na umande ulioganda pia hautufai, kwa kuwa nyanya zake huwa zimepungua uchachu. Zichumeni kabla baridi haijazipiga.

Acheni nafasi ya sentimita 1.25 chini ya mfuniko, na mifuniko iwe mipya. Muda ukiisha, epua sufuria, subiri dakika 5, kisha toa chupa na kuzipanga juu ya kitambaa bila kuzigeuza kichwa chini. Zikipoa, mfuniko ulioshika unabonyea katikati na hauchezi ukiugusa.

Chupa iliyovimba, inayovuja au inayotoa povu ukiifungua isionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Na zile za kufukia, tafadhali, shimo liwe refu. Mwaka jana tulichimba la futi moja, usiku nguruwe wa jirani wakafukua, asubuhi tukaanza kazi ya kuwafukuza.