Namna ya kuacha kununua kwa kupima na kupunguza gharama za nyumbani

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, familia yenye kipato cha kubangaiza hununua mafuta ya kula kwa kipimo cha shilingi 500, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo na nyanya kwa fungu, na vyote hivyo hununuliwa kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, au gengeni jioni ile ile vitakapopikwa. Utaratibu huo una sababu yake, kwa kuwa fedha yenyewe huingia kwa siku, na mwenye shilingi 5,000 mkononi hawezi kununua kitu cha shilingi 27,000 hata akijua fika kwamba ni nafuu. Hata hivyo, mnunuzi wa kupima hulipa zaidi kwa lita, kwa kilo na kwa ndoo kuliko jirani yake mwenye mshahara. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kutoka huko kwa kuanza na kitu kimoja, bila kukopa na bila kupunguza chakula cha watoto.

Anza na daftari. Kwa siku 30 andika kila shilingi inayotoka kwa ajili ya nyumba, na usiandike jumla tu, bali kiasi ulichopata: si "mafuta 500" pekee, bali "mafuta, kipimo kimoja, 500". Mwezi huo usijaribu kubana chochote, kwa sababu mtu akianza kujinyima siku ile ile anayoanza kuandika, daftari litamwonyesha maisha ambayo hayaishi kwa kawaida. Wengi hushangazwa na vitu viwili: ukubwa wa fungu la mafuta na nishati ya kupikia, na wingi wa safari ndogondogo za dukani ambazo kila moja huzaa biskuti au soda ambayo haikuwa kwenye mpango.

Wakati huo huo fanya jaribio moja ambalo halikugharimu chochote. Tafuta chupa tupu ya maji ya lita moja, ioshe na uikaushe, kisha kila ununuapo mafuta ya kupima yamimine humo kwanza kabla ya kwenda jikoni, huku ukichora kwa kalamu mstari pale yanapofikia na kuhesabu ni vipimo vingapi vinahitajika kuijaza. Tuseme vimehitajika vipimo 14 vya shilingi 500. Maana yake lita moja imekugharimu shilingi 7,000. Sasa uliza bei ya dumu la lita 5 la mafuta ya aina ile ile. Ikiwa ni shilingi 27,500, basi lita moja ni shilingi 5,500, na tofauti ni shilingi 1,500 kwa kila lita. Bei hizi ni za mfano, na zako utazipata mwenyewe kwa chupa na kalamu, lakini mara nyingi pengo huwa la kutosha kumfanya mtu akae chini. Simlaumu Mangi, maana naye anabeba gharama ya kukupimia na ya kukukopesha mwisho wa mwezi.

Swali gumu ni hela ya dumu la kwanza itoke wapi. Usiikope, na hasa usiiendee kwenye mikopo ya kausha damu, kwa kuwa riba yake itakula faida yote kabla mafuta hayajafika nusu. Panda ngazi badala ya kuruka: toka kwenye kipimo uingie kwenye chupa ya lita moja, ambayo nayo kwa kawaida huwa na nafuu fulani, kisha tia akiba nafuu hiyo hadi ufikie dumu. Au shirikianeni majirani watatu mnaoaminiana mnunue dumu kubwa la lita 20 na kugawana kwa chupa ile ile ya lita, mbele ya wote. Mwenye zamu kwenye mchezo au upatu anaweza kutumia sehemu ya zamu yake, nami naona hayo ni matumizi bora kuliko vitenge.

Dumu likishafika nyumbani, yaani siku ambayo wengi huona kazi imekwisha, ndipo penye siri ya mpango mzima. Endelea kulipa. Ikiwa ulikuwa ukitumia vipimo viwili kwa siku, yaani shilingi 1,000, basi kila siku tia shilingi 1,000 kwenye kibubu kana kwamba umempelekea Mangi. Dumu la lita 5, kwa hesabu yetu ya vipimo 14 kwa lita, lina vipimo 70, hivyo litakutosha siku 35. Siku ya 35 kibubu kitakuwa na shilingi 35,000. Utatoa 27,500 kununua dumu la pili na utabakiwa na 7,500. Hiyo 7,500 ndiyo mtaji wa kitu cha pili. Asiyefanya hivyo hujikuta mwisho wa dumu hana mafuta wala fedha, anarudi kwenye kupima, na kuwaambia wenzake kwamba mambo ya jumla ni ya matajiri.

Hapa nikiri kosa langu. Dumu langu la kwanza halikufika hata wiki tatu, na kwa muda nilimshuku kila aliyeingia jikoni. Baadaye nilielewa kwamba kile kipimo kidogo cha dukani kilikuwa pia breki: mpishi akiona dumu limejaa, mkono wake huwa mwepesi, na jirani akija kuomba "mafuta kidogo tu" humiminiwa bila kufikiri. Tangu hapo dumu hukaa chumbani, chini ya kitanda, na kila Jumamosi hujaza chupa ndogo ya jikoni hadi kwenye mstari. Chupa ikiisha Alhamisi, Ijumaa tunakula vya kuchemsha. Sheria hii imewahi kulalamikiwa nyumbani kwangu, lakini haijawahi kuvunjwa mara mbili mfululizo.

Kwa watu wengi kitu cha pili huwa nafaka au maharage, na hapo kalenda ina nguvu kuliko ujuzi wa kupatana bei. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuingia sokoni kwa wingi baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mchele wa Mbeya vivyo hivyo, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Agosti kwa kawaida ndiyo ya kununua, ilhali kuanzia Desemba hadi masika ndiyo ya kula ulichoweka. Nunua kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo na si kwa debe, kwa kuwa debe linaweza kuwa limebonyezwa kitako, na sado linaweza kujazwa kwa mikono inayojua kuacha nafasi katikati. Ukipeleka mahindi mashineni, kumbuka kwamba kukoboa huacha pumba nyingi nyuma, ilhali dona hukurudishia karibu uzito wote ulioingia nao; anayetaka sembe basi na aondoke na pumba zake, wafugaji wa kuku watazinunua.

Adui wa akiba ya nafaka ni fukusi. Anika maharage au mahindi juani siku moja au mbili hadi yakauke kabisa, yaache yapoe, kisha yajaze kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na uyajaze hadi juu kabisa pasibaki nafasi ya hewa, halafu usifungue fungue. Wadudu waliomo hukosa hewa na kufa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo kwa anayenunua gunia. Hata hivyo usinunue maharage ya mwaka mzima, kwa sababu maharage yakizeeka huwa magumu, na nafuu uliyoipata sokoni utaichoma kwenye jiko.

Kuhusu jiko lenyewe, mwenye kutumia mkaa anunue gunia wakati wa kiangazi, mathalani Januari na Februari kabla ya masika, maana mvua ikianza barabara za porini huharibika, bei hupanda na mkaa huja umelowa. Mwenye gesi na adai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa umeandikwa kilo 7.2, basi mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome kilo 13.2, na muuzaji anatakiwa kukupimia mbele yako. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi ni dalili kwamba matundu ya jiko yameziba na unalipia gesi isiyoungua vizuri. Maharage yalowekwe usiku kucha na yapikwe ya siku mbili au tatu kwa mara moja. Asiye na friji ayachemshe tena asubuhi na jioni, bila kuyaunga, na aunge kiasi cha mlo tu.

Umeme unastahili hesabu yake, kwa kuwa ndiko watu wanakokisia zaidi. Mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme, anayenunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 10,000 hupata uniti 28 na ushee, kodi na tozo zikiwa ndani, kwa hiyo uniti moja ni takribani shilingi 356, mbali na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa humo humo. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Soma wati zilizoandikwa chini au nyuma ya kila chombo, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 6 kila siku hula uniti 10.8 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 3,850. Ya LED ya wati 9 kwa saa zizo hizo haifiki shilingi 600. Pasi ya wati 1,000 ikinyoosha nguo za wiki nzima kwa saa moja ni shilingi 356, lakini ikiwashwa kila asubuhi kwa shati moja hupoteza moto mwingi katika kupasha chuma tu. Jambo ambalo wengi hawaliamini ni kwamba jiko la umeme la presha la wati 1,000 haliwezi kuzidi shilingi 356 kwa saa, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha lenyewe likishafikia presha, hutumia pungufu ya hapo. Linganisha na mkaa unaounguza kwa maharage ya kilo moja, kisha uamue. Kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo uniti 75 za mwezi huuzwa kwa shilingi 9,150, kazi ni moja tu: kutovuka hizo 75, kwa sababu uniti ya 76 hugharimu zaidi ya mara tatu.

Maji ni kupima kule kule kwa sura nyingine. Uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukinunua ndoo kwa jirani kwa shilingi 100, uniti inakufikia kwa shilingi 5,000. Mwombe akuonyeshe bili yake na utaona mnavyoweza kuelewana kuchangia bili badala ya ndoo. Mwenye mita yake afunge mabomba yote usiku na kuangalia namba. Zikisogea, bomba linavuja mahali.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa jumla. Sukari mara nyingi ina pengo dogo kati ya robo na kilo 5, na watoto hujua sukari ilipo. Unga uliokwisha kusagwa hupata wadudu upesi. Tenga la nyanya ni la majirani wanne, isipokuwa mtu awe tayari kuzisaga na kuzichemsha siku hiyo hiyo hadi ziwe nzito. Na kila mara ongeza nauli: ukitoka Mbagala hadi Kariakoo kwa ajili ya kuokoa shilingi 3,000, ukalipa daladala kwenda, bajaji kurudi na chapati njiani, umetembea bure. Safari hiyo ina maana ikiwa imebeba vitu vitatu au vinne kwa pamoja, au oda za nyumba mbili.

Baada ya miezi minne au mitano, kibubu kitaanza kubaki na kitu hata baada ya kununua vyote vinavyohitajika. Kabla ya kikoba, kabla ya kitu kingine chochote, fedha hiyo iende kwenye kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi huidai ya miezi sita kwa mkupuo. Ikiwa chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, tenga shilingi 2,000 kila siku kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa mambo mengine, na usitoe hadi siku ya kulipa, kwa kuwa ada ya kutoa mara moja ni ndogo kuliko ya kutoa mara kumi. Anayekosa kodi na kulazimika kuhama humlipa dalali kodi ya mwezi mzima, na shilingi 60,000 hizo ni sawa na ile nafuu ya madumu manane ya mafuta.