Kufunga rimoti ya kuwashia injini kwenye gari la gia za mkono

Gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia ya kwanza likipigwa stata kwa rimoti, linaruka mbele. Stata peke yake ina nguvu ya kulisogeza, na injini ikishika, gari linakwenda mpaka ligonge kitu au mtu. Ndiyo maana nyaya za kuwashia ni sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu uko kwenye swali moja: mfumo utajuaje kwamba gari liko fri, yaani halimo kwenye gia yoyote?

Moduli, yaani kisanduku kinachopokea amri ya rimoti na kuwasha injini, haiioni gia. Inachofanya ni kumlazimisha dereva aithibitishe kabla ya kushuka. Unaegesha, injini inawaka, unaweka fri, unavuta hendibreki, unatoa miguu kwenye pedeli zote. Unabonyeza rimoti, na moduli inashikilia umeme wa swichi ya ufunguo. Unachomoa ufunguo, injini inaendelea kuwaka. Unashuka, na mlango wa mwisho ukishafungwa moduli inafunga vitasa na kuzima injini. Injini iliyokuwa ikiwaka bila mguu wa mtu kwenye klachi, na gari limesimama, lazima ilikuwa fri. Kuanzia hapo mlango ukifunguliwa, boneti ikiinuliwa, breki ikikanyagwa au hendibreki ikishushwa, uthibitisho unafutika na rimoti haiwashi tena mpaka urudie hatua zote. Kila waya utakaounganisha hapa chini unalinda mantiki hiyo.

Nunua moduli ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa inakubali gia za mkono. Baadhi huja na kitanzi kidogo cha waya: kikiwa kizima, moduli iko kwenye hali ya gia za mkono; kikikatwa, inahamia otomatiki na kuacha kudai uthibitisho. Usikikate, hata kama kufanya hivyo kutaondoa usumbufu wote wa majaribio. Mbali na moduli, andaa rilei (swichi inayoendeshwa na koili ya umeme) moja ya pini 5 ya ampea 30/40, daiodi tatu za 1N4001 (zinapitisha umeme upande mmoja tu), swichi ya pini ya boneti, waya mnene wa milimita 4 za mraba na mwembamba wa 0.75, risasi ya kulehemu, mirija ya kusinyaa kwa joto, na multimita (kipima umeme). Usipime kwa taa ya balbu. Inavuta umeme wa kutosha kuharibu saketi za kompyuta ya gari au kuchokoza mfuko wa hewa wa usukani.

Toa waya wa hasi wa betri na subiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua plastiki za chini ya usukani. Plagi na nyaya za njano hapo ni za mfuko wa hewa, usiziguse. Rudisha betri ukifika wakati wa kupima.

Kwenye swichi ya ufunguo tafuta nyaya nne, na usiamini rangi za mchoro bila kupima. Wa betri una volti 12 muda wote. Wa injini unapata volti 12 ufunguo ukiwa ON na haukatiki wakati wa kupiga stata. Wa feni na vifaa vingine unapata ON lakini unashuka hadi sifuri stata ikipigwa. Wa stata unapata volti 12 wakati wa kupiga stata tu. Lehemu maungio haya yote, kisha vika mrija. Vibanio vya plastiki vya kuchoma waya havifai hapa, maana ampea zinazopita ni nyingi, kiungo kinapata moto, plastiki inayeyuka, na gari linazimika barabarani. Waya wa hasi wa moduli ufunge kwa bolti kwenye chuma cha bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Fyuzi za moduli ziache nje hadi mwisho.

Juu ya pedeli ya klachi kuna swichi inayozuia stata mpaka pedeli ikanyagwe. Zikiwa mbili, ya stata ni ile inayobadilika pedeli ikifika chini kabisa. Nyingine kwa kawaida ni ya kuzima mwendo wa kujiendesha (cruise control). Ikiwa swichi ya stata ina nyaya mbili tu, pini zenye namba 30 na 87 kwenye rilei ziunge kwenye nyaya hizo mbili. Pini 86 iende kwenye chanya chenye fyuzi, na 85 kwenye waya wa moduli unaotoa hasi wakati wa kuwasha. Weka daiodi moja kati ya 85 na 86, mstari uliochorwa juu yake ukielekea 86, ili mshtuko wa koili ya rilei usirudi kwenye moduli. Kuna mafundi wanaounga nyaya hizo mbili moja kwa moja na kuondoka. Baada ya hapo hata mtoto akizungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia, litaruka. Usikubali kazi ya namna hiyo.

Moduli inahitaji pia waya unaoonyesha kasi ya kuzunguka kwa injini, kutoka koili ya plagi au injekta ya mafuta. Weka multimita kwenye volti za AC (mkondo geu): mara nyingi utaona volti 1 hadi 6 injini ikitulia, na inapanda ukikanyaga mafuta. Usitegemee kipimo cha volti za betri. Asubuhi ya Januari huko Winnipeg, Kanada, nyuzi 20 chini ya sifuri, betri inalegea kiasi kwamba moduli inakosea: inaachia stata mapema, au inaendelea kuizungusha injini ikiwa imeshashika.

Waya wa hendibreki ndio unaowapoteza wengi. Kwenye magari mengi taa ile ile ya dashibodi huwaka pia mafuta ya breki yakipungua. Ukiunga kwenye dashibodi, mafuta yakipungua moduli itadhani hendibreki imevutwa kumbe iko chini. Unga kwenye swichi iliyo kwenye mkono wa hendibreki wenyewe, katikati ya viti, na utenganishe kwa daiodi: kata waya unaokwenda dashibodi, weka daiodi mstari ukielekea swichi, na waya wa moduli uunge upande wa swichi, nao uwe na daiodi yake ya mwelekeo huo huo.

Milango yote lazima isomwe, na wa buti pia. Kwenye magari mengi ya Kijapani swichi za milango hutoa hasi. Usiunge kwenye waya wa taa ya ndani yenye kuchelewa kuzima: mlango unafungwa, taa inabaki sekunde 30, moduli inadhani bado uko wazi na injini haizimi. Kosa baya zaidi ni mlango mmoja wa nyuma kusahaulika, kwa sababu mtu anaweza kuingia, akasukuma gia na kutoka, na moduli isijue. Dirisha lililo wazi lina hatari hiyo hiyo, na gari la paa la turubai halifai kabisa.

Gari lenye chipu kwenye ufunguo linahitaji kifaa cha ziada cha kupita kinga ya wizi ya chipu hiyo. La dizeli linahitaji waya wa plagi za moto, au moduli ipangwe kusubiri sekunde 15 kabla ya stata.

Sasa weka fyuzi na ufanye majaribio magurudumu yanayovuta yakiwa juu ya stendi. Fanya uthibitisho, fungua mlango mmoja na uufunge, bonyeza rimoti: lazima ikatae. Rudia kwa kila mlango, buti, boneti na hendibreki. Kisha iwashe kwa rimoti na ukanyage breki bila ufunguo: izime papo hapo. Baadhi ya moduli huzima mara tu mlango unapofunguliwa, na hiyo si kasoro. Panga muda wa kuwaka usizidi dakika 15, na usiiwashe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Mwisho, lishushe gari, lipeleke kwenye mteremko, weka fri na uvute hendibreki. Likisogea hata kidogo, rekebisha kebo na viatu vya breki kwanza. Na kama ni gari la nchi ya baridi ambalo hendibreki yake huganda, hivyo mwenye gari ameshazoea kuliegesha kwenye gia, usimfungie mfumo huu mpaka kebo hiyo ibadilishwe.