Kuchagua kiendeshi cha diski kwa ajili ya kuhamishia video za familia kwenye kompyuta

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizofunga harusi, kubariki watoto au kusoma maulidi katika miaka ya 2000 bado zina mfuko wa diski kabatini, wakati deki ya kuzichezea imekwisha kufa na kompyuta mpakato mpya nyingi zinauzwa bila tundu la diski. Anayetaka kuzinusuru video hizo hana budi kuanza kwa kununua kiendeshi cha diski, kile ambacho madukani huitwa DVD raita. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huuliza bei na kasi tu, ilhali namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za kasi ya kuandika. Wewe huendi kuandika chochote; unakwenda kusoma diski ya miaka kumi na mitano au zaidi, iliyokwaruzwa, iliyopigwa na joto na kushikwa na vidole vya ukoo mzima. Kinachotakiwa ni kiendeshi chenye subira.

Kasi yenyewe haipaswi kukunyima usingizi. Kasi ya 1x kwa DVD ni takriban megabaiti 1.4 kwa sekunde, na diski iliyojaa, yenye gigabaiti 4.7, huchukua karibu saa moja kwa mwendo huo. Kwa kiendeshi chembamba cha nje cha 8x, aina ya kwanza kati ya mbili utakazokutana nazo, kazi hiyo humalizika kwa takriban dakika kumi hadi kumi na tano, iwapo diski ni nzima. Hata waya wa USB 2.0 unautosha mwendo huo na kubakiza nafasi, kwa hiyo anayekushawishi kwamba kiendeshi cha USB 3.0 kitasoma DVD haraka zaidi anakuuzia waya. Faida ya kweli ya USB 3.0 iko kwenye umeme, kwa maana tundu lake hutoa hadi miliampea 900, wakati la USB 2.0 hutoa 500, na kiendeshi chembamba kisichopata umeme wa kutosha hulia tik-tik, kikajizima na kujiwasha, hata mtu akadhani diski ndiyo mbovu. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usikipitishe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Aina ya pili ni kile kipana cha kompyuta ya mezani, ambacho mafundi wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, hukichomoa kwenye kompyuta za mtumba na kukitupia kwenye boksi la vipuri. Mimi nakipendelea hicho. Diski yake hubanwa kutoka juu na chini badala ya kupachikwa tu kwenye kitovu, kwa hiyo haiyumbi sana. Hakikisha kina kiunganishi cha SATA, si ule mkanda mpana wa zamani wa IDE, kisha nunua adapta ya kukigeuza kuwa cha USB, yenye chanzo chake cha umeme cha volti 12. Adapta ndogo zisizo na chaja, zinazotengenezwa kwa ajili ya diski kuu (hard disk) za kompyuta mpakato, hazitakizungusha.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: fedha ambayo ungenunulia kiendeshi kimoja cha bei kubwa, nunulia viwili vya bei ya kawaida kutoka kwa watengenezaji tofauti. Kila kiendeshi kina lenzi yake na programu yake ya ndani inayoamua lini irudie kusoma sehemu yenye kasoro na lini ikate tamaa, kwa hiyo pale kimoja kinaposhindwa kingine huweza kupita. Nilijifunza hayo kwa diski ya sendofu ya dada yangu, ambayo mpiga video aliibandika stika ya karatasi yenye picha ya maharusi. Kiendeshi chembamba kiliisoma vizuri hadi wazee walipoanza kuingia ukumbini. Hapo kikaanza kukoroma, kikapunguza mwendo, kikaongeza, kikapunguza tena, na picha ikaganda kwenye kilemba cha shangazi. Stika ilikuwa imeinuka upande mmoja, na diski isiyo na uzito sawa pande zote huyumba kadiri inavyozunguka kwa kasi. Niliihamishia kwenye kiendeshi kipana nikakishurutisha kwenda taratibu, na ddrescue, programu ya kunusuru data kutoka kwenye diski mbovu, ikaendelea pale pale ilipoishia, kwa kuwa huandika kwenye faili la ramani sehemu zilizokwisha kusomwa na zilizobaki. Asubuhi shangazi alikuwa amekwisha kuketi.

Programu kama hiyo hunakili diski nzima kuwa faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski, na hivyo ndivyo inavyopasa kufanya kwanza, kabla ya kuibadilisha video kuwa MP4 kwa programu ya HandBrake. Ukianza na kubadilisha moja kwa moja kutoka kwenye diski, unailazimisha diski mgonjwa izunguke muda mrefu kwa kazi ambayo ingefanywa na faili lililo salama kwenye eksteno (diski kuu ya nje).

Kuna diski mbili zinazohitaji uangalifu wa pekee. Ya kwanza ni VCD, ambayo kwa asili ni CD: leza ya kuisomea ni nyingine kabisa, ya nanomita 780 badala ya 650 za DVD, na katika kiendeshi kilichochoka leza moja huweza kufa huku nyingine ikiwa hai, kwa hiyo kijaribu kwa aina zote mbili. Vilevile video ya VCD imeandikwa kwa kinga ndogo zaidi dhidi ya makosa, na kuinakili kwa njia ya DVD hakutafaa. Tumia programu inayoijua, kama IsoBuster.

Ya pili ni kile kidiski cha sentimita 8 kutoka kwenye kamera za mkononi. Usinunue kiendeshi kinachoimeza diski kupitia mwanya, kwa sababu kidiski hicho kitakwama ndani. Chukua chenye trei. Ikiwa kamera haikuifunga diski baada ya kurekodi, yaani haikukamilisha uandishi wake (finalize), kompyuta itaiona tupu na kukuuliza kama uiandae upya. Kataa. Kama kamera bado inawaka, ifunge diski kwa kamera hiyo hiyo. Kama imekufa, kiendeshi chenye uwezo wa kuandika kina nafasi kubwa zaidi ya kuisoma kuliko cha kusoma tu, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kudai raita ilhali huandiki.

Kiendeshi cha Blu-ray husoma pia DVD na CD, lakini kama huna diski za Blu-ray hakuna haja ya kulipia leza ya tatu. Filamu za dukani ni jambo jingine. Zina ulinzi na haki za wenyewe, na hapa nazungumzia zetu tu.

Unapokwenda dukani, beba kompyuta yako, VCD moja na DVD yako mbaya kuliko zote. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa zaidi na vidole, ndiyo maana video hukwama wakati wa kutoa zawadi na si wakati wa kanisani. Basi fungua folda ya VIDEO_TS iliyo ndani ya DVD, chagua faili la video lenye jina linaloishia na VOB, lile la namba ya mwisho, linakili, na usikilize. Mvumo wa namna moja ni dalili njema; kupanda na kushuka kwa mlio kusikokoma, hata kwa diski safi utakayoazima hapo dukani, ni dalili ya lenzi iliyochoka, na kiendeshi hicho kirudishe kaunta.